Dada Somoe, fundi aliyenipandisha sauti

Jamani, kichwa changu kinagoma kukubali. Juzi Dada Somoe kanitumia voice note ananicheka, leo tumetoka kumzika Newala.

Kwa msiomjua: alikuwa mhariri wa sauti kwenye redio yetu ndogo hapa Masasi, nilikokuja kujitolea baada ya kumaliza form four.

Mnanijua, mimi si msemaji. Siku niliyorekodi tangazo la mnada wa korosho, meneja alisikiliza akasema, "Huyu mtoto anaongea na kola ya shati lake. Mwezi ukiisha hasikiki, arudi kwao."

Nilijifungia chooni nikalia. Dada Somoe akagonga: "Weee, toka! Choo ni kimoja na mimi nimekunywa chai!"

Akanikalisha mbele ya kompyuta, akafungua lile tangazo langu. Nikabofya Amplify, pale pa kuongeza sauti, nikapandisha mpaka mwisho. Sauti ikapasuka, na jogoo wa jirani aliyewika nilipokuwa narekodi akapanda pamoja nami.

Alicheka mpaka akashika meza. "Mdogo wangu, sasa hili ni tangazo la jogoo!"

Ndipo akanifundisha taratibu. Penye jogoo, shusha. Neno linalozama, lipandishe hilo peke yake. Kisha weka Compressor, ili sauti kubwa na ndogo zikaribiane.

Hakuwahi kuniambia nipige kelele. Wageni wenye kufoka kwenye mic aliwashusha wao, wakalingana na mimi.

Bibi mmoja wa Lisekese alikuja redioni kumtangaza mwanawe aliyepotea, akawa ananong'ona tu. Dada Somoe alimpandisha neno kwa neno, chakula kikapoa pembeni. "Huyu lazima asikike," alisema.

Jana msomaji wetu alishindwa kusoma tangazo la msiba wa Dada Somoe. Kila akianza, analia. Meneja akauliza, "Nani atasoma?"

Nikasema, "Mimi."

Ilikuwa live. Hakuna kurudia, hakuna wa kunipandisha. Nilifika mwisho, na majina ya wafiwa wote nikayataja.

Mama akapiga simu kutoka Chiungutwa: "Nimekusikia kila neno. Pole sana, mwanangu."

Meneja alinisogezea maji, halafu akanikabidhi taarifa ya habari ya saa kumi.

Nikaisoma na hiyo, dada yangu.

Asante kwa kunisikia kabla ya watu wote. Mungu akupe makao mema. Pumzika, Dada Somoe. Huku hewani nipo.