Kelele Zetu za Daraja la Pili

Nianze na mkono wangu, maana ndio watu wanaopenda kuusema. Ni kweli niliunyoosha. Niliunyoosha mbele ya goli, mwisho wa mechi, mpira ukiwa miguuni pangu na kipa wa wapinzani ameshaanguka. Timu yetu ilivunjwa kwa sababu ya mechi hiyo. Kama kuna mtu anangoja niombe radhi, atangoja sana.

Mchezo wenyewe unaitwa kamogi. Ni hurling ya wanawake, na hurling ni mchezo wa Waairishi: gongo fupi lenye kichwa bapa, kijipira kigumu cha ngozi, na ruhusa ya kukipiga hewani, kukipiga chini, kukidaka, hata kukipiga teke. Milingoti ya goli inapanda juu kupita mwamba unaoiunganisha. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, nalo lina pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja. Hapa Toronto Waairishi wana ligi yao yenye daraja la juu, la watu wanaojua wanachofanya, na daraja la pili, la watu kama sisi. Kombe la daraja la pili ni dogo kiasi kwamba ukilitilia chai, watu wawili wanaimaliza.

Mtu akiniuliza Mkenya wa mtaa wa Malton, mpanga mizigo karibu na uwanja wa ndege, alifikaje huko, namwambia amuulize mama mmoja wa Bukavu ninayesali naye. Yeye anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na pale kulikuwa na nesi wa Kiairishi, nahodha wa klabu iliyokuwa inakufa kwa sababu wachezaji wake walikuwa wakirudi kwao mmoja mmoja. Nesi aliuliza kazini kama kuna mwanamke aliyewahi kushika gongo. Mama wa Bukavu akajibu kwamba yeye hapana, ila kuna Mkenya kanisani ambaye hachoki kusimulia habari za magongo ya shuleni kwao. Hakumsingizia mtu. Nilicheza mpira wa magongo miaka yote ya sekondari, na sikuwa nanyamaza.

Nilikwenda na binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na saba na simu iliyoota mkononi. Mama wa Bukavu alikuja kuchungulia tu, akavalishwa kofia ya wavu wa chuma akawekwa golini, na tangu hapo hakutoka. Akaleta ndugu wawili kutoka Burundi. Mimi nikaleta Wakenya wenzangu wa zamu ya asubuhi, nao wakaleta Mtanzania. Kufikia msimu wa pili, Mwairishi aliyebaki alikuwa nahodha peke yake, na jezi.

Sasa huo mkono. Katika magongo ya kwetu mpira haugusi mguu. Ukigusa, ni kosa. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na sheria yake juu ya sheria: ukiguswa na mpira mguuni, simama na unyooshe mkono mwenyewe, hata kama refa hakuona. Asiyenyoosha alikimbizwa kuzunguka uwanja mpaka jua lichoke. Tulimchukia na tukamtii, na sheria yake ikaingia mwilini kama namna ya kutembea. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza ya kamogi mpira uliponigusa kiatu, nikasimama wima, mkono juu, nikingoja adhabu. Wenzangu wote wakanipita wakikimbia. Nesi akacheka hadi akakaa chini. Aliniambia mguu unaruhusiwa, nikamwambia nimeelewa, na baada ya muda mfupi nikanyoosha tena.

Lakini kitu kilichofanya nisikose mazoezi, hata nikiwa nimetoka kazini na mgongo unaniuma, hakikuwa mchezo. Ni kelele. Uwanjani tulikuwa tunaitana kwa Kiswahili, kwanza kwa sababu ndicho kilichokuwa kinatoka, halafu kwa sababu tuligundua wapinzani hawaambulii kitu. "Nyuma yako!" "Acha, huo wangu!" "Mpeleke kona!" Mama wa Bukavu alikuwa na cha kwao, na sauti yake ilitoka golini ikavuka barabara: "Mupira iko juu, mwangalie mupira!" Nesi naye alijifunza. Alikuwa anasema "nyuma yako" kwa lafudhi ya kwao, akiimba kidogo, nasi tukimsikia tulikuwa tunageuka bila kufikiri.

Na binti yangu alikuwa anapiga kelele na sisi. Nieleze hili vizuri, kwa sababu wazazi wa hapa wananielewa na wa nyumbani hawanielewi. Mtoto huyu anasikia kila neno. Nikimwambia aoshe vyombo, ananijibu kwa Kiingereza kwamba ataosha baadaye. Nilipomuuliza kwa nini hanijibu kwa lugha yetu, alisema, kwa Kiingereza, kwamba akikosea watu humcheka. Na ni kweli humcheka. Shangazi zake kwenye simu walikuwa wanaita watu waje wamsikie. Mtoto akafunga mdomo, na mimi nikaishi na mtu anayenielewa bila kunijibu.

Uwanjani hakuna nafasi ya kuona aibu. Mpira unakuja, mama yako yuko njiani, utasema nini? Mara ya kwanza alipiga kelele, "Mama, wacha! Ni wangu!" Niliuacha. Ukapita, akaudaka, akakimbia nao. Mimi nilibaki pale nalia ndani ya kofia yangu ya wavu, na uzuri wa kofia ile ni kwamba jasho na machozi havitofautishwi.

Basi mwishoni mwa msimu akaja bwana wa kamati ya ligi, mtu mpole mwenye koti safi, tukiwa mazoezini. Alisema daraja la pili lina timu nyingi kuliko wachezaji. Timu mbili za mkiani, yaani sisi na jirani yetu kwenye msimamo, zitacheza, na itakayofungwa itavunjwa, wachezaji wagawiwe klabu nyingine. Hapo sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi ulianza alipoongeza kwamba kwa upande wetu huenda kuvunjwa kukawa baraka, tutachanganyika na wenyeji haraka, na pia kuna malalamiko kuhusu kelele. Tungetumia Kiingereza uwanjani ingekuwa vizuri zaidi, kwa usalama.

"Usalama wa nani?" nikamuuliza.

Akasema wa wote, maana wachezaji wengine hawajui tunasema nini.

"Wanaoitana kwa Kiairishi huko daraja la juu, umewaambia?"

Nesi akamwambia kwamba bibi yake mwenyewe alichapwa shuleni kwa kuongea Kiairishi, kwa hiyo hoja hiyo aipeleke kwingine. Bwana yule akaaga kwa adabu. Nilikuwa na hasira, na jioni ile nilipokuwa kwenye basi nilimwambia binti yangu kwamba tutashinda. Alijibu kwamba sawa, ila kwa Kiingereza.

Tulicheza vizuri siku ile, asikudanganye mtu. Mvua ilikuwa imenyesha, mpira haurukiruki, na sisi wa magongo tunapenda mpira wa chini. Tulipiga kelele zaidi ya siku zote, makusudi, hata pale ambapo hapakuwa na la kusema. Mtanzania wetu alikuwa anatangaza mechi nzima kama yuko redioni. Bwana wa kamati alikuwa amesimama pembeni na mwavuli wake, na kila nilipompita nilipaza sauti.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, refa ameshaangalia saa. Binti yangu akapiga shuti, kipa wao akalipangua akaanguka, na mpira ukaja taratibu mpaka kwenye kiatu changu. Ukagusa kiatu. Goli tupu mbele yangu. Na mimi nikasimama wima, mkono juu.

Nilisikia sauti yake nyuma yangu. "Mama, piga! Shusha mkono, Mama! Mpira ni wako, piga tu!" Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Niliyasikia yote, moja moja, nikafurahi, nikachelewa. Beki wao akaufagia ule mpira hadi nje, na filimbi ikalia.

Mama wa Bukavu akatoka golini kwake, akivuta matope. "Weye mama," akasema, "hiyo mukono ilikuwa ya nini? Uliomba ruhusa ya kwenda choo?" Tukacheka, wengine wakilia. Mimi sikulia. Mwili wangu ulifanya ulichofundishwa, tena ulifundishwa uaminifu, na siwezi kuutukana kwa hilo. Kilichoniuma ni basi la kurudi nyumbani. Binti yangu aliweka visikizi masikioni. Nilimuuliza kama ana njaa, akasema ndiyo, kwa Kiingereza, na nikajua kwamba timu ikivunjwa sina tena mahali pa kumsikia.

Wakatugawa kama karata. Vijana, binti yangu akiwamo, walipelekwa kwenye klabu iliyotufunga, kwa sababu ilikuwa imezeeka. Ndugu wa Burundi walipelekwa ng'ambo nyingine ya mji. Mimi, nesi na mama wa Bukavu tukapewa klabu iliyokosa mabeki na kipa. Nilitaka kukataa. Wakenya wenzangu wawili walikataa kabisa, na siwalaumu. Mimi nilikwenda kwa sababu bwana wa kamati alinipigia simu akasema ataelewa kama nikipumzika. Nikamwambia sijachoka.

Majira ya baridi yalikuwa marefu na nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa naongea, binti yangu ananijibu, kila mtu kwa lugha yake. Mazoezi ya klabu yake mpya yalikuwa siku tofauti na yetu, na nikimuuliza yanaendaje, alisema vizuri.

Msimu ulipofunguliwa, ratiba ikatukutanisha na klabu yake mapema. Nilisimama kwenye nafasi yangu ya beki, mama wa Bukavu nyuma yangu ameshaanza, "Mupira iko kushoto!" Mara nikasikia kutoka upande wao msichana mwenye nywele nyekundu, ambaye sijui kama anaweza kuionyesha Afrika kwenye ramani, akimpigia kelele mwenzake: "Nyuma yako!" Mwenzake akageuka. Mwingine akasema, "Acha, wangu!" Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akiwapanga. Alikuwa amewafundisha wote, majira yote yale ya baridi, na nyumbani hakunidokezea hata neno.

Halafu akapaza sauti akiwaelekeza: "Pitieni kwa Mama! Hana mbio!"

Nilisikia vizuri sana. Wakapitia kwangu, nami nilikuwa nimeshawakinga njia. Mpira ukanigonga mguuni, ukasimama, na kabla sijafanya lolote sauti ileile ikaja kwa utamu wa hila: "Mguu, Mama! Nyoosha mkono!"

Mkono ulianza kupanda, nakiri. Ulifika begani. Nikaushusha, nikapiga ule mpira mpaka nusu ya pili ya uwanja.

Alinijia mbio, kofia imemkaa upande. "Umecheza vibaya! Si ulisema shuleni kwenu mtu ananyoosha mwenyewe?"

"Shule yangu inakuhusu nini? Na nani hana mbio?"

"Wewe! Na usisikilize mambo yetu, hiyo si haki!"

"Nisisikilize vipi, na unapiga kelele kwa lugha yangu?"

"Ni yangu pia!"

Alikosea maneno fulani njiani, sikumbuki yapi, na hakuna aliyecheka. Refa alikuja akapuliza filimbi kati yetu, akatutaka tuongee Kiingereza ili ajue kuna nini. Nikamwambia angoje kidogo, naongea na mwanangu.