Kipa Asiyekuwepo Barazani

Baraza ya duka langu la ushonaji, hapa Kashaulili, ina sheria moja tu, na haijaandikwa popote: mchezaji akija kukaa, hayupo. Anapewa chai, anasogezewa andazi, lakini haulizwi kitu wala hajibu kitu, na sisi tunamjadili mbele ya pua yake kama mtu aliyesafiri. Tuliiweka baada ya beki wetu mmoja kumkunja shati muuza migebuka, wale samaki wa ziwani, kwa sababu ya maneno. Tukaona heri mchezaji asiwepo kuliko watu kupigana juu ya nguo za wateja wangu. Ajabu ni kwamba wachezaji wenyewe waliipenda. Mtu anakuja, anasikia anavyosemwa, anajifuta midomo, anaondoka.

Mimi niliwaangalia wao kuliko nilivyoangalia mpira. Nilitaka kujua mtu anahisi nini akiambiwa miguu yake imekwisha, naye amekaa hapo hapo na miguu yenyewe. Marehemu mama alikuwa akisema mimi nikikuta chungu kimefunikwa silali mpaka nikifunue. Alinijua.

Aliyekuja kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kipa wa timu ya kata yetu tangu wengine waliopo sasa hawajaanza hata kucheza. Anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo alifika na unga kwenye nyusi, nami nilimwita babu mpaka akazoea. Alikaa kwenye benchi karibu na cherehani yangu, na kazi yake pale ilikuwa moja: kunitilia uzi kwenye sindano ya mkono. Macho yangu ya karibu yamechoka, yake yalikuwa macho ya kipa. Nilinyoosha sindano bila kumtazama, akatia uzi, akanirudishia. Kwa kuwa hayupo, hata asante sikumpa.

Wiki ninayoikumbuka tulikuwa tunasubiri mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa, nyumbani, dhidi ya Kibaoni. Tukishinda, sisi ndio tunauwakilisha mkoa. Sare au kufungwa, wanakwenda wao. Kibaoni walikuwa na winga wa kulia ambaye kila aliyemwona alimsimulia huku amesimama. Angekuwa anatushambulia kutokea kushoto kwetu, na mipira yake, walisema, inajikunja kuingia golini.

Kwa hiyo mjadala ulikuwa wa kipa. Tunapanga timu kwa vizibo vya soda juu ya meza yangu ya kukatia nguo, kila kizibo kimechorwa namba ya jezi kwa msumari. Ijumaa jioni kocha hupita kunywa chai. Hajawahi kukiri kwamba anatusikiliza, ila timu inayoingia uwanjani mara nyingi inafanana sana na ile ya mezani.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa upande wa shemeji. Muuza migebuka alimtaka kipa wa pili, kijana mrefu kutoka makazi ya wakimbizi, kule walikohamia wazazi wake kutoka Burundi kabla hajazaliwa.

"Ng'ombe hazeeki maini," alisema mzee wa reli.

"Maini hayadaki mpira, mzee."

"Huyo wako anaruka kabla mpira haujapigwa. Halafu akiwaita mabeki anaita Kirundi. Nani atamwelewa?"

"Mabeki wenyewe nusu yao ni wa huko huko makazi. Usiyeelewa ni wewe, na wewe huchezi."

Watu walicheka, na shemeji naye alicheka kidogo ndani ya kikombe, jambo ambalo sheria haikulikataza.

Siku hiyo hiyo nilimnyooshea sindano nikaona hairudi. Nilipogeuka, nilimkuta ameielekeza kwenye mwanga, analikosa tundu, analikosa tena. Mwishoni akampa muuza migebuka amalizie, akionyesha vidole vyake vyenye unga. Lakini vidole vyake vina unga siku zote.

Basi hapo chungu kikawa kimefunikwa mbele yangu. Kesho yake nilimrushia andazi kutoka kulia kwake. Alilidaka bila kuangalia, akaliuma. Nilisubiri mpaka wamerudi kwenye vizibo vyao, nikarusha jingine kutoka kushoto. Lilimgonga sikio. Barazani walidhani namtania shemeji, na kwetu shemeji hutaniwa, kwa hiyo walicheka sana. Yeye alinitazama mimi, na hakucheka.

Walipoondoka, alibaki kunisaidia kuingiza cherehani ndani.

"Shem, umeona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Usinizungushe. Jicho la kushoto lina ukungu. Lilianza wakati wa mavuno, nikadhani ni vumbi la mashine. Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, linatibika, ila nisubiri wapasuaji waje."

Nikamuuliza kama kocha anajua. Akasema mpira wa katikati anauona vizuri, wa kulia anauona, na wa kushoto anausikia. Nikamwambia mpira wa winga wa Kibaoni hausikiki mpaka uko wavuni. Akaketi juu ya magunia ya vipande vya nguo. Nilikuwa na hasira naye, na huruma pia, na hivyo viwili vikija pamoja mimi huwa nafagia. Nikafagia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia.

"Sijafa, shem. Nataka mechi moja. Hii tu." Akasimama. "Barazani mimi sipo. Na hili ulilosikia, hukulisikia."

Nikajiuliza siku zote zilizobaki angefanya nini mtu mwingine mahali pangu. Nikisema, nimemtoa shemeji yangu golini kwa mdomo wangu, mbele ya watu, naye hana hata ruhusa ya kujibu. Nikinyamaza, kata nzima inaingia uwanjani na kipa wa upande mmoja bila kujua. Mume wangu nilimwuliza kwa kuzunguka, kama habari ya mtu wa kata ya Misunkumilo. Akajibu kwamba mtu wa Misunkumilo aulizwe mwenyewe, akalala.

Ijumaa jioni baraza ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi ya duka la jirani. Mzee wa reli alikuwa na siku yake. Alisimulia penalti ambazo shemeji aliziokoa, moja moja, na nani alipiga, na mvua ilinyesha au haikunyesha. Alisema mechi kubwa inataka mtu aliyewahi kuogopa akazoea. Hata muuza migebuka akaanza kulegea.

"Tumsikie mwenye baraza," mzee akasema. "Mama, wewe unamweka nani golini?"

Wote wakanigeukia, isipokuwa mmoja. Shemeji alikuwa anaangalia sakafu, na mkono wake umeshika kikombe kwa nguvu. Nilifungua mdomo. Naapa sikujua neno gani lingetoka.

"Mimi nashona tu," nikasema.

"Haya, basi." Mzee akachukua kizibo namba moja, chenye kutu pembeni, akakiweka golini na kukigonga kwa kidole. Kizibo cha kijana wa makazi kikabaki nje, karibu na mkasi wangu. Muuza migebuka hakubisha. Timu ilikuwa imekamilika, na kocha alikuwa anakuja, tulimwona anavuka barabara na baiskeli yake.

Shemeji akanyanyuka. Alisogea mezani taratibu, akiwa amegeuza kichwa kidogo ili jicho zima lione. Akakichukua kizibo chake kutoka golini, akakichukua cha kijana, akakiweka mahali pale pale. Alikinyoosha vizuri, namba ikatazama juu. Cha kwake akakitia mfukoni, akarudi kwenye benchi.

Mzee wa reli alifura. "Nani kagusa timu?"

Tungejibu nini? Sheria ni yetu wenyewe.

"Sijaona mtu, mzee," alisema muuza migebuka, kwa sauti ya chini kuliko niliyowahi kumsikia nayo. Yeye ndiye aliyekuwa amepata alichokipigania, na hakuonekana kufurahi.

Kocha akafika, akanywa chai amesimama, macho yake yakapita mezani. Yalikaa golini kwa muda. Kisha yakaenda kwenye benchi, yakarudi. Akaniambia, "Asante kwa chai, mama," akaondoka.

Nilidhani shemeji naye angejifuta midomo aondoke kama wachezaji wanavyofanya, ila hakuondoka, alikaa tu na mkono mfukoni. Mzee wa reli alimtazama muda mrefu. Niliona anavyofikiri, anakubali, anakataa, anakubali tena. Miaka yote hiyo, chini ya paa langu, hajawahi kumwelekezea uso.

"Na wewe," akamwambia hatimaye, "hiyo beki ya kushoto ungempanga nani amshike yule winga?"

Ndiyo namna alivyoambiwa kwamba ameacha mpira. Nikainamia jezi niliyokuwa naishona, nikijifanya natafuta pindo. Shemeji akavuta benchi mpaka mezani, akasema beki tuliyempanga ni mwepesi lakini anadanganyika, na mzee akamwambia hajui anachosema, na muuza migebuka akaingilia, na wakaanza kugombana watatu.

Walipotulia nikamwita.

"Shem. Asante kwa uzi."

"Uzi gani?"

"Wote," nikasema.