Siku Tatu Ilunga Alizokataa Ziwa Langu

Nakumbuka, mwanangu, adhuhuri moja ya miezi ya baridi na vumbi, wakati mji huu bado ukiitwa Elisabethville na sisi wanawake wa kambi ya wafanyakazi wa shaba tukiishi kwa kufuata king'ora cha kazi. Nitakusimulia, ingawa ni habari inayonitia aibu mpaka leo, na nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Sisi wazee tunapenda kuwasimulia vijana siku tulizoshinda. Hii ni ya siku niliyoshindwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu, Kasongo, alitoka kaskazini mwa Katanga kama mimi, na alifanya kazi kwenye tanuru za kuyeyushia shaba. Tulipewa nyumba ya matofali iliyoshikana ukuta na nyumba nyingine. Mtoto wetu wa kwanza, Ilunga, alikuwa na miezi minane, na meno mawili ya chini yalikuwa ndiyo kwanza yametoka. Alipenda kunyonya mpaka watu wakamcheka. Akisikia tu ninavyofungua nguo, aliacha mchezo wowote akaja kwa kutambaa.

Ng'ambo ya ukuta aliishi mwanamke aitwaye Chola. Alikuwa mtu wa Kasenga, kule mto Luapula. Ndugu zake walimletea samaki waliokaushwa kwa moshi, naye hakuwahi kuwala bila kutugawia. Alikuwa ameolewa miaka saba na hajapata mtoto. Kambini kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi nilikuwa Mama Ilunga. Yeye tulimwita Chola tu, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba kila tulipomwita tulimtonesha kidonda. Nikiwa na nguo za kufua, yeye ndiye aliyembeba Ilunga mgongoni.

Basi adhuhuri hiyo nilikuwa nimechoka. Unga ulikuwa bado haujachekechwa, moto hautaki kuwaka, na Kasongo alikuwa karibu kurudi. Niliketi mkekani, nikampa mtoto ziwa, lakini akili yangu ilikuwa jikoni. Akaniuma. Hakuuma kwa mchezo. Alifunga meno akavuta. Kabla sijajua ninalofanya, mkono wangu ulikuwa umemchapa kofi la shavu, nami nimempigia ukelele ambao sikujua kwamba ninao. Nikambwaga mkekani. Mtoto alifungua kinywa na sauti isitoke. Alinitazama tu, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi. Halafu ndipo akalia.

Hasira hasara, mwanangu. Wewe umelisikia neno hilo tangu utotoni, na mimi pia nilikuwa nimelisikia.

Chola alikuja mbio. Kofi hakuliona, kilio tu ndicho alichosikia. Akamwinua mtoto, akamfunika kwa kitambaa chake, akatembea naye barazani akimwimbia kwa Kibemba mpaka akanyamaza.

"Mutoto iko na nini?" akaniuliza.

"Sijue," nikasema. "Pengine ni meno."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilijiambia kwamba ni mdogo.

Alasiri nilimpa Ilunga ziwa, akageuza kichwa. Nikamgeuza tena, akajipinda mgongo na kulia kama aliyeonyeshwa nyoka. Nilidhani ameshiba. Jioni ikawa vilevile, na asubuhi vilevile. Maziwa yalinijaa mpaka kifua kikawa kigumu kama jiwe, na homa ikanianza. Nilikuwa nikiyakamua kwenye kikombe cha bati na kumpa kwa kijiko. Nusu ilimwagika shingoni mwake. Nilijaribu kumshika kichwa kwa nguvu. Alilia hadi akakauka sauti. Kasongo alisimama mlangoni na nguo zake za kazi, asijue aweke wapi mikono.

Siku ya pili nilikwenda kwenye bomba la maji, ambalo sisi tuliliita robine. Ndipo wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba walipokutana, na ndipo habari zote zilipozaliwa. Waliona macho yangu, wakauliza, nikawaambia kwamba mtoto amekataa kunyonya. Wakaanza kupima mambo. Mmoja alisema mtoto hukataa ziwa ikiwa baba yake anatembea nje. Mwingine akasema hapana, Kasongo ni mtu wa misa, huyu ametupiwa jicho. Kisha mama mmoja mnene, ambaye kila mtu alimwogopa kwa ulimi wake, akaniuliza:

"Kabla akatale, nani alimubeba wa mwisho?"

Sasa sikiliza vizuri. Ningeweza kusema: nilimpiga. Ni neno moja tu. Lakini walikuwa kumi na zaidi, wote wakinitazama, nami nilikuwa mama mpya niliyetaka waniite mama mwema. Nikasema:

"Chola."

Ilikuwa kweli. Chola ndiye aliyembeba. Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, uongo mbaya kuliko wote ni ule uliovaa nguo za ukweli.

"Alimufunika na kitambala yake?" mama yule akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Kitambaa cha mwanamke asiyezaa: kila mmoja alielewa. Walichukua ndoo zao wakaondoka kimya, na kimya kile kilifanya kazi haraka kuliko kelele. Alasiri Chola alipokwenda kuteka maji, walisogeza ndoo zao mbali na yake. Mtoto mmoja wa kike alimkimbilia kama kawaida, mama yake akamvuta mkono. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu na niliyaona yote. Chola alinitazama kutoka kule, akingoja nisimame. Sikusimama.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia ng'ambo ya ukuta mume wa Chola akimwambia mkewe kwamba watu wa mstari wamemjia kulalamika, kwamba ni afadhali aende kwao Kasenga mpaka mambo yapoe. Nilisikia sanduku likiburutwa sakafuni. Nami nilikuwa nimempakata Ilunga, midomo yake imekauka, nikimwomba Mungu anisaidie bila kumwambia Mungu nilichofanya.

Kasongo ndiye aliyekwenda kumwita Mama Kalenga, mzee wa upande wetu, mjane wa mtu wa reli. Alikuwa amewapokea watoto wengi kijijini kabla ya kuja mjini kwa wanawe. Aliingia, akawatoa watu wote nje, hata Kasongo. Alimtazama Ilunga kinywani, akapitisha kidole kwenye ufizi, akambonyeza nyuma ya masikio, akamsikiliza pua. Kisha akauliza kama mtoto anakojoa. Nikasema anakojoa, kidogo.

"Mutoto haiko mugonjwa," akasema. "Fungula nguo nione."

Nilifungua. Alama za meno mawili zilikuwa bado zipo, zimeanza kuwa nyeusi.

"Alikuluma."

"Ndiyo, mama."

"Na weye ulimufanya nini?"

Nilitazama chini. Alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja, yule mzee. Hakunisaidia hata kwa kukohoa. Mwishowe nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtoto:

"Nilimupika kofi. Nikamupikia kelele. Nikamutupa chini."

"Ni nani anajua?"

"Hakuna."

Aligusa ziwa langu. "Mutoto haogope maziba," akasema taratibu. "Anakuogopa weye. Alikuja kula kwa mama yake, akakuta muntu mwingine."

Sijawahi kupigwa fimbo iliyoniuma kama maneno hayo.

Kisha akanifundisha. Nisimshike kichwa tena. Nisimngoje mpaka njaa imtie wazimu, maana mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kusamehe. Niendelee kumpa kwa kikombe, pole pole, na kukamua ili maziwa yasinikauke. Nifunge dirisha kupunguza mwanga, nivue nguo ya juu, nimlaze mtoto bila nguo kifuani pangu, nisiseme kitu, nisimpe kitu, nimwache anuse. Akianza kusinzia, ndipo nimsogezee ziwa, na akikataa nisikasirike.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Na ule mwanamuke anafunga mizigo yake. Neno ulilitia ku robine, utaliondosha kule kule ku robine. Usiende kumunong'oneza mu nyumba."

"Nitaenda, mama," nikasema.

Na hapa, mwanangu, ndipo aibu yangu ilipo hasa. Kofi lilikuwa la ghafla, na neno la bombani lilikuwa la woga. Lakini kilichofuata nilikifanya nikiwa nimekwisha kufundishwa. Nilimlaza Ilunga kifuani alasiri hiyo, akalala. Katikati ya usingizi midomo yake ikaanza kutafuta, nikamsogezea, akanyonya. Alinyonya upande mmoja, akanyonya wa pili, mkono wake mdogo umelala juu yangu. Nililia kwa furaha. Kisha nikakaa. Nilisema nitakwenda akiamka. Alipoamka nikasema nitakwenda kesho. Ng'ambo ya ukuta nilisikia kamba zikikazwa, nami nikamwimbia mtoto wangu ili nisisikie. Mtu akishatua mzigo wake, mzigo wa mwenziwe huwa mwepesi sana machoni pake.

Asubuhi, Mama Kalenga alikuja mwenyewe. Hakuuliza habari za mtoto. Alimwona mgongoni pangu, ameshiba. Alichukua ndoo yangu, akanipa mkononi, akatembea nyuma yangu mpaka bombani.

Wanawake walikuwapo wote. Chola naye alikuwapo, pembeni, akiteka maji ya safari. Nilisema. Nilisema kwamba nilimpiga mtoto wangu kwa sababu aliniuma, kwamba Chola alikuja kumtuliza tu, kwamba nilijua, na nikawaacha wamdhanie mabaya. Yule mama mnene alitazama ndoo yake. Hakuna aliyenicheka, na hakuna aliyenihurumia. Maji yalikuwa yamejaa ndoo ya Chola na kumwagika, naye hakuyafunga mpaka nilipomaliza.

"Unisamehe," nikamwambia.

Alijitwika ndoo. "Nimesikia, Mama Ilunga," akasema, akaenda zake.

Hakuondoka kambini. Alifungua mizigo, na tuliishi naye ukuta kwa ukuta miaka mingine minne. Aliniamkia kila asubuhi. Samaki waliendelea kuja, kwenye sahani iliyofunikwa. Lakini hakumbeba tena Ilunga, hata siku moja. Mtoto alipoanza kutembea alikuwa akienda mlangoni kwake na kuinua mikono. Chola aliweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuniita kwa upole: "Mama Ilunga, kuya utwae mutoto wako." Nilikwenda kumchukua, kila mara. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, mwanangu, mtoto akikataa ziwa ghafla, mtazame yeye kwanza: kinywa, masikio, pua, na kama anakojoa. Akiwa na homa au amelegea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kisha jitazame mwenyewe: ulimshtua, ulibadili kitu mwilini mwako, ulikuwa mbali naye? Akikuuma, mtie kidole pembeni ya kinywa aachie, wala usipaze sauti. Mlango wa jirani usiutazame. Na kama umekosa, sema siku ileile, mbele ya walewale, kabla mtoto hajapona na wewe hujasahau. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kwamba kabla ya kumfikia yeye kinaweza kupitia kwa asiye na hatia.

Mungu akujaalie kifua kisichokauka na mkono mpole. Akupe majirani wema, na akupe moyo wa kuwastahili. Watoto wako wakue wakikujia bila hofu, na siku ukikosa, miguu yako ikupeleke mapema.