Fundi wa Mabesi ya Alumini Amebakiwa na Moja, Nalo Lina Ufa

Saa tatu asubuhi, mbele ya kibanda cha mabati, fundi amemkumbatia mgonjwa wake. Shavu limeganda kwenye mgongo wa alumini, macho ameyafumba. Anagonga kwa kifundo cha kidole. Anasikiliza. Anagonga tena.

“Baba, sufuria langu vipi?” anauliza mteja nyuma yake.

“Subiri kidogo, mama. Niko na mgonjwa.”

“Mgonjwa gani mwenye tumbo kubwa hivyo? Mpeleke akajifungue!”

Mgonjwa ni besi la kusimama, ala ya nyuzi nne inayomzidi mtu mzima kimo, ambayo mpigaji huikumbatia na kuidonoa kwa vidole. Mengi huundwa kwa mbao. Hili ni la alumini, isipokuwa shingo, na limepakwa rangi ya mbao mpaka mistari ya mti imechorwa. Kwa mbali linakudanganya vizuri. Ukiligonga tu, linajiumbua.

Fundi huyo, ambaye mtaani wanamwita Mzee Nyundo, ana miaka sabini na moja, na kazi aliipata kwa mjomba wake.

“Mjomba alisema haya yaliundwa ng'ambo, karibu miaka tisini iliyopita,” anasimulia. “Bendi zilisafiri kwa meli. Unyevu ukiingia kwenye mbao, gundi inaachia, ala inafumuka kama kiatu cha mtumba. Hili halifumuki. Linabonyea tu.”

Na likibonyea, anapitisha fimbo ya chuma iliyopinda kwenye tundu la sauti, anasukuma kwa ndani huku nyundo iliyovikwa ngozi ikipokea kwa nje. Hapo ndipo penye balaa. Alumini ikigongwa mara nyingi inakuwa ngumu, na ikizidi ugumu inapasuka. Kuilainisha ni lazima moto.

“Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya,” anasema. “Hii haisemi kitu. Imetulia, imetulia, halafu inadondoka kama maji.”

Kwa hiyo huipaka sabuni ya mche, na sabuni ikigeuka nyeusi anaondoa moto haraka. Ni kipimajoto pekee duniani unachoweza kunawia mikono.

Zamani alihudumia mabesi kumi. Kisha bendi zikanunua vinanda vya umeme, na mabesi yakaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yakayeyushwa kuwa sufuria. Leo kazi zake karibu zote ni sufuria. Analiinua la mteja wake, analigonga, anatega sikio.

“Hili huenda liliwahi kupiga muziki.”

“Ndiyo maana chakula changu kinaungua kwa mdundo!”

Mzee anacheka. Asubuhi hiyo hacheki tena.

Besi lililobaki ni la mke wake, Mama Besi, ambaye amelipiga katika bendi ileile tangu wakiwa wachumba. Jumamosi hii ni zamu yake ya mwisho. Kiongozi wa bendi ameshasema kuanzia wiki ijayo kinanda cha umeme ndicho kitakachotoa sauti ya besi. Na sasa, pale shingo inaposhikana na mwili, umetokea ufa wa urefu wa kiganja.

Mzee akiuchomelea, moto utalainisha bati kupita kiasi na sauti itakufa. Aliwahi kumfanyia hivyo mteja mmoja. “Lilitoka zima,” anasema, “lakini bubu. Ukilidonoa ni kama unapiga godoro.” Akiuacha, mvuto wa nyuzi unaweza kuing'oa shingo katikati ya wimbo.

Mama Besi anafika na chupa ya chai, anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mama, nichomelee au niache?”

“Ukichomelea litapona?”

“Litasimama.”

“Sijakuuliza kusimama, mume wangu. Litapona?”

Mzee anapitisha kidole kwenye ufa, taratibu, kwenda na kurudi.

“Halitapona.”

“Basi liache. Hata goti langu halijapona, mbona hujalichomelea?”

Mzee anazima jiko la moto, anaweka mche wa sabuni kwenye kopo lake, na inamchukua muda kupata kifuniko kilichopo mkononi mwake.

Mpango wake ni huu: atalegeza nyuzi kidogo ili zisivute sana; sauti zake zitashuka, na waimbaji watake wasitake watashuka nazo. Jumamosi yeye ataketi nyuma ya mke wake, kiganja kikiwa kwenye mgongo wa besi.

“Ufa ukianza kutembea nitausikia mkononi kabla haujalia,” anasema. “Nitamgusa bega, aache kupiga.”

Mama Besi anammiminia chai.

“We niguse tu,” anasema. “Siachi.”