Koja la Asmini

Jamaa zangu wa barua pepe, leo nimekwenda Tononoka kukagua nyumba ya wazee, na hadi sasa nahisi kama naota.

Nilikuwa na Mama. Ndiye atakayekaa huko.

Nikamhoji msimamizi: dawa je? Daktari je? Nani huwaogesha?

(Mashuka yalikuwa safi, wallahi.)

Harufu ya asmini ikatuvuta hadi uani. Bibi mmoja asiyeona alikuwa akitunga maua yake kuwa koja, polepole.

Mama akalipapasa.

"Dadangu, uzi umelegea."

Akavua buibui, akaketi, wakatunga pamoja.

Jua likapoa.

"Mama, leo tumekuja kutazama tu. Twende."

Hakuinua macho.

"Enda, mwanangu. Mimi nna kazi."

Nimerudi peke yangu.

Jamani, nimemwacha, au nimeachwa?