Mtoto Anakuja

Zahanati ya kijiji chetu ilinuka spiriti na maharage. Spiriti ilitoka chumba cha sindano, maharage yalitoka uani, ambako Nesi Mwanaidi alibandika sufuria yake asubuhi kabla ya kufungulia wagonjwa. Alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, mwenye sweta la kahawia juu ya gauni lake jeupe kwa sababu baridi ya milima ya Kibondo hakuizoea kabisa. Kila siku alilalamika kwamba maharage bila nazi ni adhabu, na kila siku aliyala yakaisha. Sisi watoto tulimpenda, ila tulimwogopa kwa sindano na kwa Kiswahili. Alikuwa anakimwaga kama maji ya mtungi, wewe bado unatafuta neno moja yeye ameshamaliza habari nzima na kucheka. Akina mama walikuwa wanarudi kutoka kwake wameshika vidonge mkononi na kuulizana njiani, kwa Kiha, lugha yetu, hivi amesema ni kimoja asubuhi au kimoja jioni?

Nazungumzia miaka ya tisini, msimu ule Warundi walipovuka mpaka kwa wingi kukimbia vita, wamejitwika magodoro na watoto. Wengi walipelekwa kambini. Mama Nestori alibaki kwetu, kwa sababu shangazi yake alikuwa ameolewa ukoo wa mama yangu, na mama alipomwona amekaa kwenye nyasi pembeni ya barabara na mtoto mmoja tu mapajani, alisema huyu haendi popote. Watoto wengine wawili walikuwa wamebaki njiani. Hatukuambiwa wamebakije, na hatukuuliza. Nestori alikuwa hajafika umri wa shule, kichwa kikubwa, miguu myembamba, na mama yake hakumwacha hata aende chooni peke yake. Walipewa kibanda nyuma ya migomba yetu, wakawa watu wa nyumbani.

Basi kilabuni wanaume walikuwa na mjadala wao. Hawa wageni wajifunze Kiswahili, walisema, wako Tanzania sasa, wasituletee mambo ya kwao. Jamani, huo mjadala wote ulikuwa unaendeshwa kwa Kiha! Mwenyekiti mwenyewe akiitisha mkutano alisoma tangazo kwa Kiswahili, watu wakanyamaza, halafu akalirudia kwa Kiha ndipo watu wakaanza kupiga kelele. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mama Nestori angeweza kuishi pale hadi uzeeni bila neno hata moja la Kiswahili, akalima, akauza, akasali, akagombana na majirani vizuri kabisa. Mama yangu alimwambia hivyo hivyo. Unahangaika nini, mbona tunaelewana?

Lakini yule mama alikuwa na kichwa kigumu, na mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia mpaka leo. Alisema nchi imempa mahali pa kulala, yeye hawezi kukaa ndani yake kama kiziwi. Jioni tukipukuchua maharage alikuwa anakaa katikati yetu watoto na kunyanyua kitu kimoja kimoja: ungo, jembe, sufuria, sikio la Nestori. Tulitaja, akarudia. Alisema "nimerara salama," tukaanguka kwa kicheko, naye akacheka kuliko sisi, kisha akasema tena, "nimerara," akatutolea macho kama anayetuambia mtazoea tu. Pale lilipokosekana neno la Kiswahili, alichukua la Kirundi akalivalisha nguo za Kiswahili, likapita. Mara nyingi lilipita salama, kwa kuwa lugha zetu hizi zinafanana sana. Muda si muda akawa anakwenda gulioni mwenyewe, anabishana bei na wachuuzi wa Kakonko, na anarudi amevimba kwa furaha. Nani kati ya wale wa kilabuni angethubutu kuanza lugha upya akiwa na msiba ule kifuani? Hakuna hata mmoja.

Ilipofika masika, malaria ikaingia kila nyumba. Siku hiyo tulikuwa shambani karibu na nyumba, Nestori amelazwa kwenye kanga kivulini kwa sababu alikuwa na homa tangu jana yake. Tukasikia mama yake anapiga ukelele. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, mikono inarukaruka. Degedege. Mama yangu aliwahi kumzika mtoto aliyebebwa mbio kwenye mvua akiwa katika hali hiyo, kwa hiyo alikataa katakata asinyanyuliwe. Alimlaza ubavu, akaanza kumpangusa kwa kitambaa cha maji, akamwambia Mama Nestori, kimbia umlete nesi na sindano zake, sasa hivi. Yule mama akatimka. Mimi nikaambiwa nimfuate, nikamfuata, lakini kilima cha zahanati si mchezo, na yeye alikuwa anakimbia na roho ya mwanawe mkononi. Aliniacha mbali.

Nilipofika juu sikuamini macho yangu. Nesi na Mama Nestori walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, wanaangalia njia! Nesi ameshamletea maji kwenye kikombe. Mama Nestori amekishika kikombe na anasema kwa Kiswahili chake alichokihangaikia jioni zote zile, "Nesi, mtoto anakuja. Anakuja, nesi!" Na nesi anampigapiga begani kwa upole, "Nimesikia mama, wala usiwe na wasiwasi. Namngoja hapa hapa. Akija tu namhudumia wa kwanza." Mimi pumzi zilikuwa zimenikatika, nimeinama, sauti haitoki. Nesi akanigeukia akaniuliza, "Na nyie, huyo mtoto analetwa na nani, mbona hafiki?" Hapo Mama Nestori akatupa kikombe chini na kuanza kulia kwa Kirundi, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Kwenye kona alikuwa amesinzia Mzee Ruhaga, aliyekuja kufungwa kidonda cha jembe mguuni. Kile kilio kilimwamsha. Alisikiliza kidogo tu, akaruka kwa mguu wake mzima. "We nesi! Kwao kuja ni kwenda! Mtoto anaondoka huyo, anakufa, wewe umekaa!" Ndivyo ilivyo. Kwa Kirundi kuja ni kwenda, na mama gani atatamka neno kufa juu ya mtoto wake aliye hai bado? Alisema mtoto anatuacha. Alisema kwa adabu, kwa lugha aliyoambiwa ajifunze, na mwenzake akamwelewa kwa adabu vile vile, wakakaa wanangoja, nesi akingoja mtoto, mama akingoja sindano.

Sijawahi kuona mtu mnene akikimbia kama Nesi Mwanaidi siku ile. Ndala moja ilibaki mlangoni, nyingine kwenye matope, kilemba kikaning'inia kwenye mti wa uzio. Alifika nyumbani miguu mitupu, akapiga magoti kwenye udongo, akachoma sindano, akamshika mtoto huku anamwomba Mungu kwa sauti. Sisi wote tulisimama tumezunguka. Mama Nestori hakuweza kuangalia, aliangalia migomba. Ule mwili mdogo ukalegea, kimya, nikadhani basi imekwisha. Halafu Nestori akalia. Kilio chembamba, cha hasira, cha mtoto aliyeamshwa kwa sindano! Mama yake alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Nesi naye alikaa chini akaanza kulia, kweli kweli, makamasi na yote. Mama yangu hakumwonea huruma. Mama ana ulimi, Mungu amsamehe. Akamwambia kwa Kiha, na Mama Nestori, machozi bado hayajakauka, ndiye akawa mkalimani. Hebu fikiria, mkimbizi anamtafsiria mwenyeji kwa mtumishi wa serikali! Mama alisema, "Huyu amekuja juzi na anakisema Kiswahili. Wewe uko hapa tangu lini, na hujui hata kusalimu mwakeye?" Mama Nestori akatafsiri, akipunguza makali, akisema mama anauliza kama nesi anataka kujua salamu. Nesi alijitetea kwamba lugha ya kazi ni Kiswahili, ndivyo serikali ilivyoagiza. Mama akajibu, "Na degedege, nalo ni la serikali?" Hilo halikuhitaji kupunguzwa. Mama Nestori alilitafsiri lote, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa nesi mwenyewe.

Tangu hapo jioni zetu za maharage zikapata mtu mmoja zaidi. Nesi alikuja na kigoda chake, akakaa mkabala na Mama Nestori, na wale wawili wakaanza kitu ambacho sijakiona tena popote. Nesi aliuliza kwa Kiha cha ajabu chenye lafudhi ya Tanga, Mama Nestori akajibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyekubali kumwonea mwenzake huruma. Ukimwambia Mama Nestori sasa pumzika, nesi anakuelewa, aliudhika. Alisema kosa la neno moja halimfanyi aache lugha nzima. Mwanaidi naye alitukanwa na wazee bila kujua, akajifunza na matusi, akawa anayarudisha. Wanawake waliokuwa wanaficha maradhi yao wakaanza kwenda zahanati. Mama yangu, yule yule, akawa anampelekea ndizi.

Mama Nestori alirudi kwao vita vilipotulia, kwa njia ya mpaka wa Manyovu, Nestori akiwa kijana anayeandika barua kwa Kiswahili safi kuliko changu. Watu wakiniuliza leo kama mgeni alazimike kujifunza lugha ya mahali, nasema ndiyo, ajifunze, na msimdharau kwa kumwonea huruma. Lakini lugha inachukua muda, na homa haingoji. Yule mwenye sindano mkononi ndiye anayepaswa kuanza kusogea.

Nilidhani jambo hilo siku hizi linajulikana. Sasa barabara ni ya lami, kila mtu ana simu, watoto wanazungumza Kiswahili cha redio tangu wakiwa mgongoni. Majuzi nimempeleka mama hospitalini, amezeeka, tumbo linamsumbua. Nilitoka kidogo kumtafutia maji. Narudi, nasikia daktari kijana, mpole wa sura, anamwambia, "Bibi, jaribu kuongea Kiswahili. Au kama ni mkimbizi, kuna mtu wa kuwasaidia kule chini." Mama yangu! Aliyezaliwa pale, na mama yake, na bibi yake! Damu ilinipanda, nikafungua mdomo. Mama akaninyamazisha kwa mkono. Akamtazama yule kijana, akasema polepole, kwa Kiswahili, "Mwanangu, Kiswahili cha kuuzia maharage ninacho. Cha kuugulia sina."

Kijana akasogeza kiti chake karibu, akamwuliza, "Haya bibi, kwenu tumbo mnaliitaje?" Mama akamwambia. Akalitamka vibaya, foleni nzima pale mlangoni ikacheka, akalirudia. Mimi nilisimama mlangoni na chupa ya maji, nikilia kama mjinga, kwa sababu Nesi Mwanaidi alianza kujifunza baada ya mtoto kukaribia kufa, na huyu alikuwa anaanza kabla.