Severin na Koti la Mtaa wa Selby

Severin Mtui alipofika Minnesota na mkewe Teresa na binti yao Haika, ilikuwa wiki ya pili ya Januari na yeye alikuwa amevaa sweta. Lilikuwa sweta zuri, alilofumiwa na dada yake kule Kilema, na aliamini kwamba mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro hana cha kuambiwa kuhusu baridi. Akatoka nje ya uwanja wa ndege, akasimama kama nusu dakika, kisha akarudi ndani. Teresa anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mumewe akibadili mawazo.

Walipata nyumba Champlin, na kanisa moja la huko likawapa makoti ya msaada. La Severin lilikuwa la kahawia, zito kama godoro, na juu ya mfuko wa kifuani palikuwa pametariziwa neno moja kwa uzi mwekundu: Gary. Severin akadhani ni jina la kampuni.

Kazi aliyoipata ni ya kuendesha basi la shule. Siku ya kwanza msimamizi alimtazama kifuani, akamnyooshea mkono. "Gary!" Kiingereza cha Severin wakati ule kilikuwa cha darasani, kilijua kusoma, hakikujua kusikia. Akaona anasifiwa koti.

"Yes, Gary," akajibu kwa furaha. "Very warm."

Ndivyo ilivyoanza. Kwenye karatasi za mshahara alikuwa Severin, lakini kwenye redio ya basi, kwenye chumba cha kahawa na kwa watoto wote wa njia yake alikuwa Gary. Alipokuja kung'amua, miezi mitatu ilikuwa imepita na aliona haya kusahihisha. Baada ya mwaka aliona ingekuwa kama kuwatukana. Akawa Gary kwa majira ya baridi tisa. Kiangazi, koti likiwa kabatini, madereva wengine walimpita bila salamu, wakadhani ni mtu wa muda.

Alipotimiza miaka hamsini, kazini walimnunulia keki. Alirudi nyumbani na kipande kilichobaki, kikiwa na maandishi ya krimu ya bluu. Haika, ambaye wakati huo alikuwa chuo kikuu na anarudi nyumbani mwisho wa wiki, akafungua boksi.

"Baba, Gary ni nani?"

"Ni mimi."

Akaeleza habari yote, tangu uwanja wa ndege. Teresa alicheka mpaka akakaa chini. Haika hakucheka. Haika Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu Kiingereza, na siku ile alijibu Kiingereza kirefu sana. Kiini chake ni hiki: baba yake hawezi kuendelea kuishi ndani ya koti la mtu mwingine. Yeye na wenzake chuoni walikuwa wamejiwekea nadhiri ya kununua kwa watu weusi wenzao kila inapowezekana. Walianza na sabuni, wakaja kwenye kahawa, wakaja kwenye vitabu. Sasa zamu ya koti.

"Kuna mama anashona Saint Paul," akasema. "Mmarekani mweusi. Vitu vyake ni vya luxury."

"Laksheri ndiyo nini?"

Haika akafikiri. "Ni kitu kilichotengenezwa na mtu ambaye hakuwa na haraka."

Severin alilipenda jibu hilo. Jumamosi iliyofuata wakaenda mtaa wa Selby, kwenye duka dogo lenye dirisha moja kubwa. Mwenyewe, Bi Odessa Pruitt, alikuwa na nywele nyeupe zilizokatwa chini, miwani kwenye kamba, na futi ya kupimia shingoni. Severin akashika koti moja, akalipapasa, akalinusa. Akakitazama kibandiko akadhani ni namba ya simu ya duka. Haika alipomnong'oneza kwamba ile ndiyo bei, alifanya kile ambacho kila mwanamume wa ukoo wao angefanya.

"Dada yangu," akasema kwa Kiingereza, akiweka mkono kifuani, "nipunguzie kidogo. Mimi ni mteja wako wa leo na wa kesho."

Haika akajificha nyuma ya sanamu iliyovaa gauni.

Bi Odessa hakukasirika. Aliinama akatazama miguu ya Severin. "Hayo mabuti umenunua wapi?"

"Kwenye mall ya Roseville."

"Ulimwomba yule msichana wa kaunta akupunguzie?"

Severin akayatazama mabuti yake.

"Ulilipa bei iliyoandikwa ukasema asante?"

"Nilisema asante mara mbili," akajibu Severin, maana ni mtu mkweli.

"Basi na mimi nataka asante mbili," Bi Odessa akasema, akachukua daftari la vipimo.

Njia nzima ya kurudi Champlin Severin hakuwasha redio. Walipofika kwenye daraja akasema, kama anayeongea na usukani, kwamba kweli hajawahi kumwomba Mzungu apunguze hata bei ya kandambili. Akalilipia koti kidogo kidogo, tangu theluji ilipoyeyuka mpaka majani yalipoanza kupukutika.

Katikati ya hapo alikwenda kupimwa mara tatu. Mara ya kwanza Bi Odessa alimuuliza siku yake inaendaje. Severin akamwambia: anakaa. Bi Odessa akamwekea kiti, akamwambia akae aendeshe basi. Severin akaona aibu kwanza, kisha akakolea. Akarekebisha vioo, akafunga mkanda, akaingia barabarani, akasimama kwenye kituo, akafungua mlango, akamkemea mtoto anayesukuma mwenzake, akafunga mlango. Bi Odessa alimzunguka akiwa na pini mdomoni, akitia alama mgongoni na makwapani kila mikono ilipokwenda mbele. Alipomaliza alisema amewashonea wachungaji, mawakili na hakimu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemwonyesha kazi yake vizuri namna ile.

Koti lilipokuwa tayari, lilikuwa la sufu ya kijani kibichi, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua, limeshuka mpaka chini ya magoti, kola pana, vifungo vya pembe, na bitana nyekundu kama udongo. Kwa ndani, upande wa moyo, palitariziwa jina lake. Bi Odessa alimfanya aliandike kwanza kwenye karatasi, akalisoma kwa sauti herufi kwa herufi.

Teresa alilizunguka lile koti sebuleni kama anayekagua gari la mtumba.

"Lina injini?"

"Halina, Mama Haika."

"Lina vyumba vingapi?"

"Mifuko sita."

"Bei hii, na mpangaji hata mmoja hamna," Teresa akasema. Lakini Severin alipokwenda kuoga alimwona, kupitia mlango uliokuwa haujafungwa, amelivaa mbele ya kioo na anageuka polepole.

Jumatatu alilivaa kazini. Msimamizi alimkuta kwenye korido akasimama wima. "Nikusaidie, bwana?"

"Ninakwenda kwenye basi langu. Namba arobaini na moja."

"Arobaini na moja ni la Gary."

Severin alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo, sentensi alikuwa ameifanyia mazoezi. "Gary hayupo tena," akasema.

Uso wa msimamizi ukasawijika. Akavua kofia. "Oh, no. Lini?" Madereva wawili waliokuwa na vikombe vya kahawa wakasogea, wakaambiwa, na mmoja wao, mwanamke mnene aliyeendesha njia ya mtoni, akaanza kulia. Alisema Gary alikuwa mtu mwema, mpole, hakuwahi kumnyima mtu chumvi ya kumwaga kwenye barafu. Severin alisikiliza sifa zake kwa dakika mbili nzima. Hakujua walikuwa wanampenda kiasi kile. Alipoona msimamizi anatafuta namba ya familia ili atoe rambirambi, ndipo alipofunua koti akawaonyesha jina. Ilichukua muda kueleweka. Yule mama wa njia ya mtoni alimpiga kwa kofia yake, kisha akamkumbatia, na mpaka leo humwita Severin kwa kuvuta sana herufi ya mwisho, ili asikosee.

Lakini kisa kilichomfanya ajulikane na sisi wote tunaozungumza Kiswahili huku Minnesota kilitokea mji wa Burnsville, wiki moja kabla ya Krismasi. Mumbi, binti wa Kikenya ambaye mama yake anafanya kazi na Teresa kwenye nyumba ya kulelea wazee, alikuwa amemaliza uuguzi, na wazazi wakakodi ukumbi. Mgeni rasmi alikuwa Daktari Kalume, mtu wa Kilifi anayefundisha chuo kimoja Iowa. Hakuna aliyewahi kumwona kwa sura. Mshereheshaji, Wanjohi, aliambiwa tu amtambue mzee mmoja wa heshima.

Severin akaingia na koti lake, Teresa nyuma yake. Watu wote waliacha makoti yao mlangoni, yeye akagoma.

"Doc! Karibu sana!" Wanjohi akamshika mkono kwa mikono miwili. "Tumeku-wait mpaka tukaogopa barabara ni mbaya. Kujeni huku mbele, na mama pia."

"Ndugu yangu, mimi siyo..."

"Ona vile mtu ni humble!" Wanjohi akawaambia watu.

Kila Severin alipokana, unyenyekevu wake ulizidi kusifiwa. Wakakalishwa meza kuu, penye kitambaa cheupe na maua. Severin akamgeukia mkewe amsaidie. Teresa alikuwa amekwishaona mbuzi mzima akiletwa upande wao, wakati meza za nyuma zilikuwa zinagawiwa vipapatio.

"Baba Haika," akanong'ona, "nyamaza ule."

Wakati huohuo akaingia mwanamume mwembamba mwenye jaketi la kuteleza kwenye theluji, kofia ya kufuma imemfika kwenye nyusi. Wanjohi akamwona. "Boss, uko sawa? Hebu saidia hapo na kreti za soda." Yule bwana akatazama kulia na kushoto, akasema "haya", akaanza kubeba.

Saa ya hotuba ikafika. Wanjohi akataja shahada tatu na vitabu viwili, akampa Severin kipaza sauti. Severin akasimama. Mchuzi ulikuwa umemgandia kwenye kidevu.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi siyo daktari. Mimi ni dereva wa basi la shule."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja akasimama kabisa. "Kweli! Mwalimu ni dereva!" akapiga kelele.

"Hapana, sikilizeni. Basi lenyewe ni la njano. Namba arobaini na moja."

"Sema, Doc!"

Severin akamtazama Mumbi, akaona hakuna njia ila kwenda mbele. Akamwambia kwamba kazi ya kubeba watoto wa watu ni kuwafikisha wote, hata yule anayekera. Na kwamba asubuhi ya barafu usikanyage breki kwa pupa. Mumbi, ambaye alikuwa aanze kazi ya wodini Jumatatu, akafuta machozi. Hapo nyuma, kreti ikawekwa chini kwa kishindo.

"Samahani, jamani," akasema yule mwembamba kwa Kiswahili laini cha pwani. "Hotuba ni nzuri, wala siwezi kuizidi. Ila Kalume ni mimi."

Mama yake Mumbi akaanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyejiweza. Wanjohi alitoka jasho mpaka tai ikalowa. Daktari Kalume alipanda mbele, akakataa kiti, akazunguka nyuma ya Severin akapapasa bega la koti. "Mimi nimesoma miaka ishirini na mbili," akasema kwenye kipaza sauti, "na leo nimebebeshwa soda kwa sababu ya fundi. Fundi mwenyewe ni nani?"

Severin akafunua bitana, akaeleza kila kitu, mpaka habari za mabuti ya Roseville na asante mbili.

Januari nzima watu wetu wakamiminika mtaa wa Selby. Wiki ya pili Bi Odessa alimpigia Severin simu. "Bwana Severin, nina swali. 'Punguza' ni nini? Kila anayeingia anaanza nalo, nikadhani ni salamu. Nimekuwa nikiwajibu nalo." Severin akaendesha gari siku hiyohiyo na karatasi ngumu aliyoandika mwenyewe: HAPA BEI HAIPUNGUI. KARIBUNI SANA. Ikabandikwa dirishani. Wengi walipoisoma walipita mbele. Wachache waliingia, mmoja wao Daktari Kalume, aliyetoka Iowa kwa shughuli hiyo tu, na mwingine Wanjohi, aliyeagiza kizibao akasema ni faini yake.

Mwezi wa nne Bi Odessa alifanya maonyesho ya mavazi yake kwenye kiwanda cha zamani kilichogeuzwa ukumbi. Alisema hataki wanamitindo, anataka watu wanaovaa nguo zake kweli. Severin akapewa maagizo: tembea katikati, usicheke, fika mwisho, geuka, rudi. Muziki ukaanza. Severin akatoka, mgongo wima, koti likifunguka kidogo kila hatua, na Haika alikuwa anapiga picha.

Sasa, safu ya mbele alikuwa amekaa Mama Bernardine, Mkongomani wa miaka sabini na tatu, aliyekaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na ambaye husali parokia moja na Severin. Severin akamwona. Akapita hatua moja. Akashindwa. Akarudi, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya nyumbani? Mama Haika hajambo?"

"Hajambo, mama. Na goti lako?"

Mama Bernardine akaanza kumweleza habari za goti. Pembeni yake mzee wa Kimarekani, akiona watu wanasalimiana, naye akanyoosha mkono, na Severin hawezi kuacha mkono wa mtu hewani. Ikabidi ampe yeye, na aliyefuata, na aliyefuata. Muziki ukaisha, ukaanzishwa tena. Nyuma ya pazia Bi Odessa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Mwanamke mrefu mwenye gauni la dhahabu, aliyekuwa na zamu ya pili, akaona heri atoke tu. Akaja katikati kwa madaha, macho mbele, mpaka alipofika kwa Mama Bernardine, ambaye alikuwa amekwisha kunyoosha mkono anangoja. Yule mwanamke akasimama, akatazama kushoto na kulia, akapiga goti.